Zebaki Wanayoiita Dawa

Getruda alirudi kutoka bombani akamkuta mumewe, Maige, yuko jikoni anachoma dhahabu kwenye kikaango cha mayai. Ile zebaki inayonasa dhahabu ilikuwa inapanda mvuke. Binti yao Gladness yuko hapo hapo, anakula ugali na dagaa.

"Kachomee nje hiyo zebaki, Baba Gladness!"

"Dawa," Maige akamsahihisha. "Machimbo mazima tunaita dawa."

Alipotamka hivyo, Gladness akalegea, akamwagika mkekani. Getruda akamkusanya kwa viganja, akamtia kwenye beseni. Mtoto akawa duara kama beseni, macho juu, anauliza kama dagaa wamebaki.

Jirani yao Bimdogo, muuza viungo wa soko la Kirumba, akachungulia. "Kitaje hicho kitu kwa jina lake, atasimama. Wa kwangu ndivyo alivyokuwa."

"Zebaki," akasema Getruda. Gladness akasimama, akajifuta mdomo. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikurudi.

"Shemeji," Bimdogo akamgeukia Maige, "zebaki ni neno la Kiarabu, na dawa ni la Kiarabu. Yote mawili tumeletewa. Ndiyo ukachagua la kudanganyia watu?"

"Zebaki inatisha wateja wa dhahabu," Maige akajibu, akageuza kikaango.

Tangu hapo Getruda hana raha. Mtu akiulizia dawa ya mbu dukani, Gladness anamwagika mlangoni, anaokotwa na mchanga wake. Shuleni walifundishwa dawa ya meno, akarudishwa kwenye ndoo ya deki, amechanganyika na chaki. Kila akisimama anakuwa amepungua. Mwalimu naye, badala ya kuuliza nyumbani kunachomwa nini, akasema, "Mama, mwanafunzi aje na chombo chenye mfuniko."

Wakampeleka zahanati.

"Nyumbani anavuta hewa ya nini?" nesi akauliza.

"Ya dawa tu," Maige akawahi, kabla mkewe hajamziba mdomo.

Nesi akainua miguu, akamsubiri mtoto atulie sakafuni. "Kama ni dawa, basi haina neno," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Jumamosi Maige alirudi na beseni jipya la maua, lina mfuniko. Alilichagua mwenyewe, kwa upendo kabisa. Gladness alilijaribu, sasa hata nusu halijazi.

"Zuri, baba," akasema kutoka chini.

Maige akafurahi. Kisha akaomba kiberiti.