Annah Alipokuwa Tanzania Nzima

Annah alikuwa mshonaji, mzaliwa wa Kamachumu huko Bukoba, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu Nyamirambo, Kigali. Kazi aliijua hasa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, kusifia kwao. Ndizi za Kigali ni nzuri, lakini aonje mtu za Kamachumu! Ngoma za hapa si haba, lakini kwao hata mtoto anayenyonya hucheza. Jirani yake Médiatrice, karani wa wizara moja pale Kacyiru, alikuwa akimsikiliza na kutabasamu tu.

Juni ya tisini na mbili likaja tamasha la sanaa la mataifa. Kaskazini kulikuwa na vita, habari za redio zilikuwa nzito, na watu walikuwa na kiu ya kucheka. Médiatrice alikuwa mmoja wa waandaaji, akampa Annah kazi ya kushona mapazia ya jukwaa. Siku yenyewe, saa nane mchana, Annah alikuwa bado anapiga pindo la mwisho, sindano mdomoni, akichungulia. Aliwaona Warundi wakiingia na ngoma vichwani, Wazaire na magitaa yao, na Mfaransa aliyetembea juu ya miti mirefu mpaka watoto wakatimua mbio.

Médiatrice akaja anahema. "Annah! Basi ya Watanzania imekufa Rusumo, mpakani. Na Tanzania iko kwa programu, sasa hivi!"

"Pole zenu."

"Pole ni yako, dada. Si ulisema kwenu hata mtoto anayenyonya anacheza?"

Annah akaitoa sindano mdomoni. Kweli mdomo huponza kichwa. Kabla hajapata udhuru, kipaza sauti kikatangaza, "Tanzania!" na Médiatrice akamsukuma.

Akajikuta mbele ya umati, kavaa aproni, mkononi rula ya mbao ya mita moja. Akajaribu kucheza. Miguu ikagoma. Mtu akakohoa. Hapo akamkumbuka babu yake, alivyokuwa akishika mkuki na kujigamba mbele ya watu. Utotoni Annah alikuwa akimwigiza nyuma ya nyumba, akakaripiwa kwamba hayo ni ya wanaume.

Akainua rula kama mkuki, akanguruma kwa Kihaya:

"Mimi ndiye Asiyerudi Nyuma! Nimeikabili suruali ya bwana harusi iliyopasuka kanisani! Sindano saba zilivunjika, ya nane ikaomba amani!"

Kihaya na Kinyarwanda ni ndugu, na majigambo Wanyarwanda wanayo tangu zamani. Kicheko kikalipuka. Mzee mmoja aitwaye Rutayisire, dereva mstaafu, akaruka kutoka kitini, akanyoosha mwavuli na kujibu kwa Kinyarwanda. Yeye ndiye aliyeteremsha lori lisilo na breki mlimani, mbuzi arobaini nyuma, asipotee hata mmoja! Annah akamrudishia kwa kisa cha koti la padri. Mzee akaleta cha daraja lililobomoka. Wakapambana hivyo, rula kwa mwavuli, mpaka mzee akaishiwa pumzi na kumkumbatia huku watu wakipiga vigelegele.

Saa kumi na moja jioni kikundi cha Tanzania kikaingia kwa lori, wote vumbi tupu. Kiongozi wao, Aidah, alikuwa amekunja uso.

"Tunaambiwa Tanzania imeshacheza, tena kwa majigambo. Nani huyo?"

Vidole vyote vikamwelekea Annah, aliyekuwa akila mshikaki.

"Wa wapi wewe?"

"Kamachumu."

"Mwanamke wa Kihaya, unajigamba hadharani kama mzee?"

Annah akasubiri kukaripiwa. Aidah akamtazama, kisha akacheka mpaka akakaa juu ya ngoma yake. "Twende basi. Utatangulia wewe."

Akatangulia. Kila walipogeuka kulia yeye aligeuka kushoto, akigongana na mchezaji wa nyuma yake, na wala hakujali. Miaka mitatu alikuwa amewasimulia watu wa Kigali habari za kwao, nao wakatabasamu kwa adabu. Leo walikuwa wamemjibu.