Pra Haikuitikia Hodi

Ofisi ya rejista ya selimundu, pale Kumasi, ilikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kubandikwa ukutani. Ukikutana na programu usiyoijua, iite kwa jina lake tu, usiongeze neno, kisha ubonyeze Enter. Itakujibu. Itakwambia kazi yake ni nini na inataka uipe nini kabla haijagusa chochote. Wofa Ntiamoah, aliyeziandika karibu programu zote za ofisi ile kabla hajastaafu, alikuwa akisema kwamba jina tupu ni hodi, na programu yenye adabu haimpokei mgeni kwa kofi. Wofa ni mjomba, na wote pale walimwamini kama mjomba wao wa damu.

Kwa hiyo tusimwite Birago mjinga. Alilolifanya siku ile ndilo alilofundishwa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, naye alikuwa peke yake. Diski ya kompyuta kuu ilikuwa imejaa hadi juu, na kwa miezi miwili haikuweza kutoa nakala ya rejista. Kila aliyeombwa kuishughulikia alikuwa na mazishi ya kwenda, maana Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, na mtu anayekutwa ofisini siku hiyo huulizwa kama hana ndugu. Birago ndugu alikuwa nao. Ila alikuwa na wasiwasi pia: wagonjwa elfu sita mle ndani, wengi wao watoto, na hakuna nakala mpya hata moja. Alikuwa akipekua mafaili ya zamani akitafuta takataka za kutupa, akakuta programu inayoitwa pra. Kwa lugha ya pale, fagia. Akacheka, kwa kuwa kufagia ndiko kulikomleta. Akaandika zile herufi tatu, akabonyeza Enter, akanyoosha mkono kuchukua kijiko cha waakye yake, wali wa kunde.

Pra haikujibu. Haikutoa maelezo, haikugomba, haikumrudisha alikotoka. Kialama cha skrini kilishuka mstari mmoja kikakaa pale kinapepesa.

Birago akatafuna tonge lake taratibu, akisubiri. Alikuwa hajaanza kuogopa. Ndipo simu ya mezani ikalia.

"Madam Kompyuta!" Alikuwa Sista Pokuaa, muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye kwa utani humwita hivyo. "Kumbe upo! Mungu akupe mume mwenye gari. Nina mtoto hapa, Nhyira Asabea, miaka saba, damu imemwishia kabisa. Daktari anataka kumwongeza sasa hivi. Kitabu chake mama amekiacha nyumbani, Obuasi. Nisomee haipaswi kupewa damu gani."

"Namba yake?"

"Elfu nne mia nne kumi na saba. Haraka, mama."

Mikono ya Birago ilikuwa imezoea kuandika namba za watoto mara mia kwa siku kwenye dirisha lile lile. Iliandika 4417 na kubonyeza Enter kabla kichwa hakijauliza chochote. Kialama kikashuka mstari mwingine, kikaendelea kupepesa.

Kisha kichwa kikafika. Birago akatazama juu ya namba ile, akaona neno pra.

"Birago? Umelala huko?"

"Nisubiri kidogo, Sista. Usikate."

Akafungua dirisha la pili na kuandika amri ya kutafuta, ile ya kweli. Jibu lilikuja papo hapo: rejista imefungwa, inatumiwa na pra. Akarudia. Imefungwa. Yaani programu ile ya kufagia ilikuwa imeikalia rejista nzima, mlango umefungwa kwa ndani, na yeye mwenyewe ameipa namba ya mtoto kwa mkono wake. Je, ilikuwa inafuta watu wote tangu ilipoitwa, mmoja mmoja, kimya kimya, wakati yeye anakula? Au inamfuta Nhyira peke yake? Au haifanyi chochote? Kimya chake hakikusema.

"Sista, nakala ya zamani ninayo," alisema. "Ya miezi miwili nyuma."

"Wiki tatu zilizopita mtoto huyu alipata homa baada ya kuongezwa damu, wakampima upya, wakaandika kitu kipya. Mimi mwenyewe niliileta karatasi hapo kwako. Nini kiliandikwa sikumbuki. Nakala ya miezi miwili itanisaidia nini?"

"Maabara wampime tena."

"Saa tatu, Birago! Huyu hana saa tatu. Daktari amesema tukikosa jibu ndani ya nusu saa anampa mfuko uliopo, tumwachie Mungu. Sasa niambie, kuna nini?"

Birago alimwomba asubiri, akaiweka simu mezani bila kuikata, akachukua simu yake ya mkononi na kumpigia Wofa. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Wofa alikuwa Mampong, kwenye mazishi ya mkuu wa ukoo wao, na huko vipaza sauti havimwachii mtu nafasi ya kusikia hata mawazo yake. Mara ya nne akapokea, na nyuma yake ngoma na tarumbeta zikamwagika ndani ya ofisi.

"Wofa, pra!"

"Hata salamu, Birago? Mtu yuko kwenye msiba wake."

"Wofa, pole na msiba, habari za huko, nimeiita pra! Nimeiita tupu, na imekaa kimya, na imefunga rejista, na wodini kuna mtoto!"

Zile tarumbeta zikaanza kufifia. Mzee alikuwa anatembea. Birago alisikia mlango ukifungwa, kisha pumzi za mzee.

"Nani alikuambia uiguse pra?"

"Wewe! Wewe ndiye uliyetufundisha kupiga hodi!"

Wofa akauliza: "Imeandika nini kwenye skrini?"

"Haijaandika kitu."

"Na wewe je, umeiandikia kitu?"

Birago akafumba macho. "Namba. Elfu nne mia nne kumi na saba. Nilidhani niko kwenye dirisha la kutafutia."

"Moja tu?"

"Moja tu. Ni ya mtoto aliye hai, Wofa. Iko hai, namba hiyo."

Kutoka kwenye simu ya mezani sauti ndogo ya Sista Pokuaa ilikuwa ikisema dakika kumi na tano, Birago, dakika kumi na tano.

"Sikiliza," Wofa alisema. "Haijafuta mtu. Imekaa inasubiri umalize kuitajia. Kila mwisho wa mwezi Sista mkuu wa wakati ule alikuwa ananiletea karatasi ya waliofariki. Ananisomea namba, mimi naandika, mstari kwa mstari. Tukimaliza, naiaga, nayo inawaondoa wote kwa pamoja. Hata waliomo kwenye nakala, inawafuata huko na kuwaondoa."

Kuiaga programu, kwa lugha ya ofisi ile, ni kubonyeza Control na D: nimemaliza, ahsante, endelea na kazi yako. Kuikata ni Control na C, na Wofa alikuwa mkali kama pilipili kwa wakataji. Ukiikata programu katikati ya kazi unaiacha na kazi nusu mkononi, na nusu hiyo ndiyo itakayokuumiza. Aliwahi kumfukuza ofisini mfanyakazi mzima kwa siku nzima kwa kosa hilo. Birago alijua vizuri kidole chake kilipokuwa kimekaa tangu mwanzo wa mazungumzo yale. Kilikuwa juu ya D.

Akakiondoa kana kwamba kitufe kimepata moto.

"Wofa, nusura niiage."

"Usiiage! Ikate."

"Una hakika? Nikiikata haitafuta?"

"Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa na hakika."

"Wofa!"

"Ndiyo ukweli, mwanangu, nikudanganye? Nakumbuka niliiandika hivyo. Mtu akikosea namba, aikate, isiguse kitu. Nakumbuka nilivyokaa, nakumbuka hata shati nililovaa. Lakini kuijaribu kwa kuikata, hapana, sikuwahi. Sikuwahi kukosea namba."

Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma, haukuwepo. Ulikwenda na kompyuta ya zamani, ikabaki programu tupu isiyosomeka. Hapakuwa na mahali pa kwenda kuhakikisha. Birago alifikiria kuzima kompyuta nzima, akaona hilo ni kukata kwa shoka. Alifikiria kukimbilia wodini na kuwaambia wasubiri, lakini wasubiri nini? Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na aliogopa zaidi kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine chumbani wa kumwambia bonyeza wewe.

"Dakika kumi," ikasema simu ya mezani.

Akashikilia Control. Akatazama C mara mbili, kama mtu anayevuka barabara. Akabonyeza.

Skrini ikarudi kwenye mstari wake wa kawaida. Haikusema imefanya nini. Akaenda dirisha la pili, akaandika amri ya kutafuta, akaandika 4417 tarakimu moja moja, na kwa pumzi mbili nzima hapakuwa na kitu. Alianza kulia kabla ya jibu.

Nhyira Asabea. Miaka saba. Kundi O.

Akanyakua simu ya mezani. "Sista! Andika. Asipewe damu yenye alama ya Kell. Na hii mpya, ya wiki tatu: asipewe yenye alama ya E kubwa. Rudia."

"Hakuna Kell, hakuna E kubwa." Kisha karatasi zikasikika Sista Pokuaa akizipekua. Aliporudi, utani wote ulikuwa umemtoka. "Birago. Mfuko ulioko hapa mezani una E."

"Usimpe."

"Naurudisha. Upo mwingine kwenye friji, nauangalia." Akakata bila kuaga.

Birago akakaa. Waakye ilikuwa imepoa kwenye jani lake; akaisogeza kando. Simu ya mkononi bado ilikuwa wazi.

"Yupo?" aliuliza Wofa.

"Yupo." Kisha hasira ikampanda, ghafla, maana woga ulikuwa umeipisha njia. "Kwa nini haisemi kitu? Programu zako zote zinajibu hodi. Zote! Hata ile ya kupanga orodha ya chai inajibu. Hii ambayo inaweza kumwondoa mtu duniani, hii ndiyo uliyoiacha bubu?"

"Niliandika maneno ya kuuliza," alisema mzee. "Nikayafuta. Nikaandika mengine, nikayafuta. Nilitaka iulize nini, Birago? Nani amekufa? Namba ya kwanza niliyoipa ilikuwa ya Akyaa wangu. Sikutaka kuulizwa. Nilitaka nikae nayo tu, kimya, mpaka niweze kuandika." Akakohoa. "Nilidhani nitakuwa peke yangu siku zote."

Kwamba binti yake ndiye aliyekuwa sababu ya rejista ile, Birago alilijua, kama wote walivyolijua. Hili lingine hakulijua. Hasira yake haikwisha, lakini hakuwa na pa kuipeleka.

"Baki kwenye simu," alimwambia.

Aliandika kijiprogramu cha mistari sita, cha kukaa mlangoni mwa pra. Ukiiita na namba, kinakupitisha. Ukiiita tupu, pra yenyewe haiamki, na kijiprogramu ndicho kinachojibu. Kisha ikabidi akijaribu, na njia ya kukijaribu ni moja tu. Akaandika zile herufi tatu tena. Kidole kikagoma juu ya Enter, akakilazimisha, kisha akaipakata mikono yote miwili, mbali na kibodi.

Mistari miwili ikatokea. Akamsomea Wofa kwa sauti.

"Hakuna aliyetajwa. Hakuna kilichofanyika."

Huko Mampong mlango ulifunguliwa, tarumbeta zikaingia, ukafungwa tena.

"Soma tena," alisema mzee.

Akamsomea tena.