Kijiti Kimoja, Vinywa Vitatu

Majibu ya maabara yalimchekesha Dk. Herieth, kisha yakamnyamazisha. Kijiti kilichotoka kijiji cha Ukata kilikuwa na mate ya watu watatu na chembe za ugali.

Yeye ni mtafiti wa saratani za damu jijini Dar es Salaam. Alikuwa ametuma vijiti vitatu vya kupangusia ndani ya shavu, kila kimoja na bahasha yenye jina: Salvatory, Sixbert, Rosina. Hao ndio ndugu wa Florian, mkulima wa kahawa aliyelazwa wodini kwake. Dawa zilikuwa zimeutuliza ugonjwa, lakini kwa muda tu. Kilichobaki ni kumpandikizia seli za ndugu anayelingana naye kwa vinasaba, zimtengenezee damu mpya na kuisaka saratani iliyojificha. Muda wenyewe ulikuwa wiki sita. Herieth akapanda basi.

Salvatory, kaka mkubwa, alimpokea kwa furaha. Herieth alimwamkia, akampa mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa kwao Lundo kando ya Ziwa Nyasa. Mzee akaunusa, akasema watu wa ziwani wana bahati, kitoweo chao hujikausha chenyewe juani wao wakiwa wamelala. Herieth akajibu kwamba hata watu wa milimani wangelala, kama wasingeogopa kuporomoka kitandani.

Alipouliza habari za vijiti, mzee alieleza kwa fahari. Bahasha zilifika siku ya sengu, wanaume wa ukoo wakiwa barazani kwake wanakula pamoja, sahani moja, kama Wamatengo walivyokula tangu zamani. Kwenye sengu mtu hajitengi. Basi kijiti kilianza kwa mkubwa, kikaenda kwa Sixbert, kikapelekwa jikoni kwa Rosina juu ya kisosi. Viwili vilivyobaki vilikuwa kabatini, visiharibike bure.

"Baba, nilihitaji mate ya kila mtu peke yake."

"Kwani Florian ni ndugu wa mtu mmoja?"

Herieth akamweleza kwamba kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa, na mate yakichanganywa hajulikani ni nani. Salvatory akakiweka chini kile kimfuko cha usipa.

"Na ikionekana si mimi?" akasema. "Baba alipokufa, Florian alikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyemlea. Leo nimwachie mtu mwingine kazi hiyo, nami ni mzima?"

Utani ulimwishia Herieth mdomoni. "Seli hazijui nani alilea, baba. Mkizichanganya tena, Florian atakufa akiwa na ndugu watatu wanaompenda sawasawa."

Mzee akaenda kabatini mwenyewe, akatoa vile viwili; cha tatu Herieth alikuwa amekuja nacho. Kesho yake hakuna aliyetia kitu mdomoni mpaka vijiti vitatu vilipofungwa, kila kimoja kwenye bahasha yake. Rosina alishukuru kupewa kipya, maana kile cha kwanza kilikuwa na ladha ya ugoro wa Sixbert.

Siku kumi baadaye Herieth alimpigia Salvatory, maana ndiye mkubwa. Sixbert alilingana nusu. Salvatory naye nusu. Rosina alilingana kabisa.



"Rosina huyu mwembamba?" mzee akauliza. "Mna hakika atatosha? Florian ni pande la mtu."

Herieth alimhakikishia kwamba kinachotakiwa ni mfuko mmoja mdogo, na mwili wa Rosina utazirudisha seli zake baada ya muda mfupi. Rosina akaomba simu. Alitaka kujua kama ni kweli damu ya Florian itakuwa damu yake yeye Rosina. Herieth akasema ni kweli.

"Basi ajiandae. Damu yangu huamka saa kumi na moja kwenda shamba."

Kisha akakumbuka kwamba kahawa yake imeiva, na kule Dar atakaa wiki tatu. Salvatory akauliza safari ni lini.

Alfajiri ya safari, Rosina alitoka na begi lake akamkuta kaka yake kwenye mstari wa kwanza wa mibuni yake yeye Rosina, kikapu kiunoni, akichuma nyekundu na kuacha za kijani. Akasimama kumwangalia.

"Shikamoo, kaka. Umeruka mbili hapo nyuma."

Salvatory akarudi kuzichuma.