Sampo ya Ovaroli

Nyamizi aliamka siku hiyo na jambo moja tu kichwani: mashine ya kufulia, na inunuliwe leo leo. Kesho ilikuwa mbali mno. Mumewe, Stanslaus, alikuwa na fungu lake kwenye duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu pale Mwakitolyo, na wiki hiyo duara lilikuwa limetema, dhahabu imepatikana. Sasa duara likitema, jamani, hela ya mchimbaji hailali ndani. Mara ya kwanza lilipotema, Stanslaus alirudi nyumbani na spika ndefu kumpita mtoto wao, Blessing. Mara ya pili akarudi na mashine ya mazoezi, ile ya kukimbilia papo hapo bila kwenda popote. Mwanamume anashinda shimoni akigonga mwamba kwa nyundo, halafu eti akitoka huko aje akimbie sebuleni! Alikimbia jioni moja, akachoka, na tangu hapo Nyamizi anaanikia soksi juu yake.

Safari hii Nyamizi hakutaka mchezo, maana mikono yake ilikuwa imeanza kugoma. Vifundo vilivimba, na asubuhi alishindwa hata kufungua chupa ya chai. Muuguzi wa zahanati alimshika kiganja, akakigeuzageuza, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nashona. Mimi ni fundi cherehani."

"Kushona hakuvimbishi mikono hivi. Na nini tena?"

"Nafua ovaroli za baba Blessing."

"Za mgodini?"

"Za mgodini."

Muuguzi akatikisa kichwa. Akamwambia waziwazi, achague moja, kushona au kukamua ovaroli, kwa sababu mikono ile haitaweza vyote viwili. Nyamizi alitoka pale akilia, na hakuona aibu kulia. Cherehani ndiyo iliyomfanya aitwe fundi mtaa mzima, na wateja walikuwa wakimfuata hata kutoka Kishapu.

Wewe ambaye hujawahi kuiona ovaroli ya mgodini, usiseme kitu. Ikivuliwa, inasimama yenyewe. Tope lake limechanganyika na unga wa mawe na grisi ya winchi, likikauka ni saruji. Kuna dada mmoja pale mtaani anayefulia watu kwa malipo. Alizipokea ovaroli za Stanslaus mara moja tu, akazirudisha zikiwa chafu vilevile, pamoja na salamu kwamba amehama kazi.

Basi wakaenda Shinyanga mjini, mume na mke. Stanslaus alivaa shati jipya na miwani ya jua. Nyamizi alibeba kiroba kikubwa kilichofungwa kwa kamba, na mumewe alipouliza ni nini, akajibiwa, "Mzigo wangu." Stanslaus akadhani ni viazi vya kumpelekea shangazi.

Duka walilolikusudia lilikuwa la Bi Gulnar, mama wa Kihindi aliyezaliwa Shinyanga hiyo hiyo na kuuza vyombo vya umeme kwa miaka mingi. Kisukuma anakiongea kuliko watoto wengi wa Kisukuma wa siku hizi.

"Shikamoo, mama," Stanslaus alisalimia.

"Marahaba, wanangu. Mwangaluka! Karibuni. Leo mnanipelekea nini nyumbani kwenu?"

Kabla Nyamizi hajafungua mdomo, mumewe alikwishaona kitu. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na mashine ya kuvuta vumbi, nyekundu, ya mviringo, yenye bomba refu na magurudumu yanayong'aa. Ilikuwa imekaa pale muda mrefu, mpaka yenyewe imeshika vumbi.

"Hebu washa hiyo, mama."

Bi Gulnar akaiteremsha, akaifuta kwa kanga, akaiwasha. Wee! Ililia mpaka watu waliokuwa nje wakachungulia. Stanslaus akavua miwani, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Sikia mota hiyo! Sikia! Hii ndiyo mashine."

Lazima umwelewe. Kwa Stanslaus, mashine ni kelele. Karasha la kusagia mawe likiwa zima linasikika kijiji cha pili. Likinyamaza, ujue limekufa na fundi aitwe. Alikuwa amenunua spika kwa kipimo hicho hicho, na mashine ya mazoezi pia.

"Baba Blessing," Nyamizi alisema, "hiyo itavuta nini?"

"Vumbi! Vumbi lote la Mwakitolyo si linakuja kulala kwetu?"

"Sakafu yetu ni ya saruji. Nina fagio, nina ndoo na dekio, nikipiga deki mara moja nimemaliza. Hiyo kazi yake ni kapeti. Tuna kapeti?"

"Nitanunua."

"Yaani ununue kapeti ili mashine isikose kazi?"

Bi Gulnar alicheka mpaka akashika kaunta. Hata hivyo alikuwa mfanyabiashara, na kitu kile kilikuwa kimemchosha pale rafuni, kwa hiyo hakusema lolote la kukiharibia soko. Aliwatazama tu wote wawili, kama mtu anayesubiri kuona ng'ombe atapita mlango gani.

Nyamizi akamgeukia. "Bi Gulnar, mimi nimefuata ya kufulia."

Mashine za kufulia zilikuwa upande wa pili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, nzuri kweli, ina mlango wa kioo mbele na taa za rangi. Nyamizi aliipenda, akaigusa, akauliza swali alilokuja nalo kutoka nyumbani: "Maji nikimimina kwa ndoo, inakubali?"

"Hapo nisikudanganye," Bi Gulnar akasema. "Hii inataka bomba, na maji yawe yanatoka kwa nguvu. Kwenu mna bomba ndani?"

"Tunachota na madumu."

"Basi hii utaiwekea kitambaa na chombo cha maua juu."

Ya pili haikuwa na taa wala kioo. Ilikuwa ya plastiki, ina matenki mawili yaliyokaa bega kwa bega, moja la kufulia, jingine la kukamulia. Nyamizi aliizunguka. Akauliza, umeme ukikatika katikati? Unafungua mfuniko unatoa nguo zako, akajibiwa, haijifungi. Ikiharibika? Spea zipo hapa mjini, na mafundi wanaijua. Maji machafu? Ina mpira wa kumwagia nje. Kila jibu lilimshusha Nyamizi mabega kidogo kwa nafuu, na moyoni alikwisha kuipangia mahali pa kukaa, pale kwenye kibaraza cha nyuma.

"Iwashe," Stanslaus akasema.

Ikawashwa tupu. Ilitoa sauti ndogo ya kujizungushia mambo yake. Stanslaus akatega sikio, akakunja uso.

"Hii imelala. Hii haiwezi ovaroli zangu, labda leso. Halafu mama Blessing, kufua kwenyewe ni nini? Unaloweka, unasugua kidogo, unakamua, unaanika. Mpaka kukamua nako tulipie umeme? Mikono si ipo?"

Hapo Nyamizi alikasirika. Alikasirika sawasawa. Mikono si ipo! Alitaka kumwonyesha vifundo vyake mbele ya watu, lakini alikwishamwonyesha nyumbani, na jibu lilikuwa "Pole, paka mafuta." Akaona kwamba kwa maneno hampati. Akainama, akafungua kamba ya kiroba, akamwaga mzigo wake katikati ya duka la Bi Gulnar. Ovaroli zikaanguka kwa kishindo.

"Mayu!" Bi Gulnar akaruka nyuma.

"Baba Blessing," Nyamizi akasema, "kule kwetu, mtu akikuletea kiroba cha mawe akakwambia yana dhahabu, unanunua kwa macho?"

"Nani anunue kwa macho?"

"Unafanyaje?"

"Napima sampo." Alishaanza kushuku, lakini swali lilikuwa la kazi yake, na kwenye kazi yake hajui kunyamaza. "Tunachota kidogo, tunasaga, tunagawa mafungu mawili sawasawa. Muuzaji anaosha lake kwenye karai lake, mnunuzi anaosha lake, watu wanaangalia. Ndiyo haki."

"Na anayekataa kuosha fungu lake?"

"Huyo tapeli. Ana jambo anaficha."

"Haya. Mimi nasema mashine hii inaweza, wewe unasema mikono inatosha. Ovaroli ndizo hizi, zote za duara moja. Hii ni fungu langu, naiosha na mashine. Hii ni fungu lako."

Mzee mmoja wa Kishapu, aliyekuja kununua betri na kusahau kuondoka, akapiga kofi moja. "Sampo hiyo! Bwana, osha fungu lako!"

Stanslaus akatazama mlangoni, akatazama watu waliokwisha kusogea kutoka barabarani. Angeweza kukataa. Lakini mwanamume aliyewaita wenzake matapeli mgodi mzima kwa kukwepa sampo, angerudi Mwakitolyo na uso gani? Akavua saa, akampa Bi Gulnar amshikie, akakunja mikono ya shati jipya.

Nyuma ya duka palikuwa na ua na bomba. Bi Gulnar, ambaye biashara yake siku hiyo ilikuwa imelala, alichangamka kama mwenye harusi. Mashine ikatolewa na waya mrefu, sabuni ya unga ikagawanywa sawasawa kwa kikombe, na Stanslaus akapewa besheni. Bi Gulnar akamwelekeza Nyamizi asugue kwanza magoti na kola kwa brashi, kwa sababu mashine si mganga. Nyamizi akasugua taratibu, akajaza maji kwa ndoo kama angefanya kwake, akazungusha kitufe, akasogea pembeni.

Stanslaus alianza kwa mbwembwe. Alisugua akiimba wimbo wa shimoni, na watu wakamwitikia. Maji yakawa meusi. Akayamwaga, akajaza mengine, nayo yakawa meusi. Wimbo ukapungua. Tope la magotini halikuondoka. Alilisugua kwa kiganja, akalisugua kwa ngumi, unga wa mawe ukamkwaruza vidole mpaka ngozi ya juu ikatoka, na sabuni ikaingia hapo hapo.

"Aaa! Inachoma!"

"Endelea, bwana," mzee wa Kishapu akamwambia. "Bado hujafika mfukoni."

Kisha akaja kwenye kukamua. Ovaroli ikiwa na maji ina uzito wa ndama. Akaikunja, akaisokota, maji yakatoka kidogo na kuacha. Akaisokota tena, meno nje, mishipa ya shingo imesimama. Mtu wa nyundo na patasi, lakini kifundo cha mkono hakina habari na nyundo. Kina kazi yake nyingine kabisa, na kazi hiyo hakuwahi kukifundisha. Mkono wa kulia ukamkaza ghafla. Ovaroli ikamponyoka, ikaanguka mchangani, ikachafuka upya. Watu wakaangua kicheko, na kusema kweli Nyamizi naye alicheka hadi machozi.

Ya kwake ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye tenki la pili. Ikazunguka, ikatulia. Akaitoa na kuinyanyua kwa mkono mmoja, mkono ule ule uliokuwa ukimuuma. Haikuwa mpya, kola ilikuwa bado na weusi, na ingehitaji maji ya pili. Lakini ilikuwa nyepesi, na hakuna tone lililodondoka.

Stanslaus hakuitazama ovaroli. Alikuwa amechuchumaa kando ya besheni akifungua na kufunga vidole vyake vilivyochubuka. Halafu akanyanyua macho, akautazama ule mkono wa mkewe ulioishika. Akautazama muda mrefu, pale ulipovimba, na mbwembwe zote zikamwisha.

"Mama Blessing," akasema, tena kwa sauti ya chini, "hizi ovaroli unazifua ngapi kwa wiki?"

"Zote."

"Na unazikamua zote?"

"Sasa nani mwingine?"

Alijifuta mikono kwenye shati lake jipya.

"Nimekuumiza," Stanslaus akasema. "Uliniambia, nikakwambia upake mafuta. Nisamehe, mke wangu. Nimeona aibu."

Nyamizi alikuwa amejiandalia maneno makali ya kumtosha mpaka Mwakitolyo. Yote yakampotea. Alimpa mkono akamwinua, na wote wawili wakaguna kwa maumivu, wakacheka.

Ndani ya duka Stanslaus alipita mbele ya ile mashine nyekundu bila kugeuza shingo. Hakuomba apunguziwe bei, jambo lililomshtua Bi Gulnar kiasi kwamba akampunguzia mwenyewe. Mashine ya matenki mawili ikarudishwa kwenye boksi lake, ikafungwa kamba.

"Kabla hamjaondoka," Bi Gulnar akasema, "kuna mambo ya kuitunza. Chujio linasafishwaje, nguo zisizidi wapi, sabuni kiasi gani. Njoo, mama Blessing, nikufundishe."

Nyamizi akapiga hatua. Stanslaus akamtangulia, akasimama mbele ya kaunta, mikono yake iliyochubuka imewekwa juu yake.

"Nifundishe mimi, mama," akasema. "Yeye ni fundi cherehani."

Nyamizi akatafuta kiti, akakaa.