Vishimo kwenye Boneti ya Mzee Kibii

Gereji mpya ya Naliaka pale Nakuru ilikuwa na gari moja tu, pikapu ya Mzee Kibii wa Olenguruone, na gari lenyewe lilikuwa limeamua kumwaibisha. Kila alipopuliza rangi kwenye boneti, vilifunguka vishimo vidogo vya duara, vile mafundi huviita macho ya samaki. Kesho yake pikapu hiyo ingempeleka Jepkemei, binti ya mzee, kanisani kuolewa. Ikifika na vishimo, wageni wote wangeuliza ni fundi gani, na Naliaka angerudi kuajiriwa shingo upande.

Alijua vishimo ni dalili ya mafuta mahali fulani. Akamwaga maji yaliyojikusanya kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa, akabadilisha vitambaa, akapiga msasa, akapuliza upya. Vikarudi palepale katikati, bila haya. Akautukana upepo, na upepo ukaendelea na shughuli zake.

Akapiga msasa tena. Alipokuwa akichanganya rangi, Mzee Kibii, aliyeshinda hapo tangu asubuhi, akasogea akaipapasa boneti taratibu, kama anayempapasa ng'ombe kabla ya kumkamua, akaiambia:

"Tulia, mama. Kesho tunaenda harusi."

Naliaka akaona kiganja kinang'aa.

"Mzee, umejipaka nini?"

"Hii?" Akatoa mkebe mfukoni. "Si ni mafuta ya kukamulia ng'ombe. Baridi ya kwetu inapasua mikono, kwa hivyo napaka kila saa."

Hasira zilimpanda Naliaka, kisha kicheko, kisha aibu. Utamwambiaje mtu wa rika la baba yako kwamba mikono yake ndiyo shida? Akajikaza.

"Mzee, ni hayo mafuta. Ukigusa, rangi inakataa kushika."

Mzee akaitazama mikono yake kwa uchungu. "Kwani nimeharibia msichana wangu harusi?"

"Bado. Kaa pale, na hiyo mikono uikalie."

Akaikalia kweli. Naliaka akapaka boneti dawa ya kuondoa mafuta, akaifuta kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka, akapuliza tabaka jepesi, akangoja, kisha akapuliza zito. Hakuna kishimo hata kimoja! Rangi ikatulia, iking'aa mpaka mzee akajitazamia humo kuweka kofia sawa. Naliaka akapiga kigelegele peke yake.

Jioni mzee alinyoosha mkono amshukuru, akakumbuka, akauficha haraka mgongoni.

"Mimi si boneti, mzee," Naliaka akasema. "Leta mkono."

Akaupokea kwa mikono yake yote miwili, pamoja na mafuta yake.