Ngazi ya Vidato Kumi na Viwili

Darasani walimwita Madaftari, kwa sababu kila somo alikuwa na madaftari matatu: la kufanyia maswali, la kunakili makosa, na la kuyarudia makosa hayo baada ya wiki mpaka yasalimu amri. Mwenzake wa dawati moja walimwita Kipanga, yaani mwenye akili nyepesi. Huyo daftari lake la hesabu lilikuwa moja tu, tena nusu yake imejaa michoro ya magauni.

Walikuwa kidato cha tatu. Siku ya kurudishiwa mtihani wa hesabu, mwalimu, ambaye mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe siku zote kwa vumbi la chaki, aliinua karatasi ya Kipanga juu.

"Tisini na nne! Huyu hesabu amezaliwa nazo, jamani. Msijisumbue kumfukuzia."

Darasa likaangua kicheko. Madaftari alipewa yake kimya kimya. Sabini na moja. Wiki tatu nzima alikuwa anaamka alfajiri kusoma, naye Kipanga asubuhi ya mtihani alikuwa anahangaika kuazima rula.

Kabla ya kutoka, mwalimu akatangaza kwamba mashindano ya hesabu ya shule zote yamekaribia, na shule itapeleka mwanafunzi mmoja. Hakutaja jina. Alimtazama Kipanga, akatabasamu, akatoka. Madaftari akamkimbilia koridoni.

"Mwalimu, samahani. Na mimi je? Sipati hata nafasi ya kujaribiwa?"

Mwalimu akasimama, akamwangalia kwa huruma. "Wewe, binti yangu, una bidii. Hiyo bidii yako naiona."

Alilisema kwa upole kabisa, na hapo ndipo palipouma. Tangu lini bidii imekuwa neno la kumpa mtu pole? Nyumbani alipoambiwa ana bidii alivimba kichwa. Leo limetoka kinywani mwa mwalimu utadhani anampa mkono wa rambirambi. Alibaki ameganda pale, na nadhani mwalimu aliliona hilo, maana alipiga hatua tatu nne akageuka.

"Haya basi. Jumatatu baada ya vipindi, njooni ofisini wote wawili. Maswali matatu. Isije ikaonekana nimekuonea."

Jumamosi Madaftari akafunga safari kwenda kwa kina Kipanga. Hakwenda kusoma. Alitaka kuona kwa macho yake mtu aliyezaliwa na hesabu anaishije.

Mama yake Kipanga alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na vipande vya vitambaa mpaka chini ya viti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, angalia pini tu zisikuchome."

Kipanga alikuwa mezani na mkasi, chaki ya fundi imebanwa sikioni. Mama akamwambia bila kuinua macho, "Sketi ya duara, kiuno sabini na mbili."

"Kumi na moja na nusu," Kipanga akajibu, na papo hapo akaanza kupima kona ya kitambaa.

Madaftari akadakia. "Ngoja, ngoja. Umeipataje hiyo?"

"Si nagawa kwa sita napata kumi na mbili, halafu naondoa nusu. Ndiyo nusu ya kipenyo cha tundu la kiuno."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nakata sketi tangu nina miaka saba. Ukikosea, mama anakufumulia mbele ya mteja."

Madaftari alitaka kuruka kwa furaha. Sasa ana kumi na sita: miaka tisa! Huyu naye kumbe ana madaftari, ila yake ni ya vitambaa! "Kwa hiyo hukuzaliwa nazo!" akapaza sauti. "Ni mazoezi! Ni mazoezi matupu, kama mimi!"

Kwenye cherehani ya pili, dada yake Kipanga, aliyemzidi miaka minne, akasimamisha mguu na kuanza kucheka.

"Mdogo wangu, mimi meza hii nimeikalia kabla yake. Mkasi huo huo, mama huyo huyo. Mpaka leo kila sketi naiandikia kwenye karatasi, na bado moja juzi imembana mteja hadi kashindwa kukaa. Hesabu shuleni ndiyo usiniulize kabisa."

Furaha ya Madaftari ikanywea. Akamtazama dada, akamtazama Kipanga, akaitazama na ile meza, kana kwamba meza ndiyo inayojua. Kama ni mazoezi, mbona ya dada hayakuota? Na kama si mazoezi, ile miaka tisa ilikuwa ya nini?

Kipanga alimsindikiza hadi njia panda. Walipofika akasema, "Nikuulize kitu, usinicheke. Ukikwama unafanyaje?"

"Kukwama vipi?"

"Swali likigoma. Mimi majibu nayaona tu. Nisipoyaona, basi, sijui niingie wapi. Naogopa Jumatatu."

Madaftari alidhani anataniwa. Tangu kidato cha kwanza kukwama ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Hakujua kama kuna mtu anahitaji kufundishwa hilo. "Unaandika chochote," akasema mwishowe. "Hata cha kijinga. Unaanza na kidogo."

Jumatatu wakakalishwa ofisini, meza mbili zikitazamana, mwalimu anasahihisha madaftari pembeni. Kipanga alimaliza maswali mawili ya kwanza kabla Madaftari hajamaliza kuchora mchoro wa la kwanza. La pili Madaftari lilimshinda, akaliruka.

La tatu lilikuwa hivi: ngazi ina vidato kumi na viwili, kila hatua unaweza kupanda kidato kimoja au viwili, kuna njia ngapi za kufika juu?

"Vidato kumi na viwili!" Kipanga akanong'ona. "Mimi niko cha tatu tu, na bado nahema." Alicheka mwenyewe, kisha kicheko kikakata. Alilikazia macho lile swali, kalamu hewani.

Madaftari alianza na kidogo. Ngazi ya kidato kimoja: njia moja. Viwili: njia mbili. Vitatu: akaziandika zote, tatu. Vinne, tano. Vitano, nane. Vidato sita vilimla ukurasa mzima, akasahau njia mbili, akarudia, akapata kumi na tatu. Mkono unauma. Alikuwa anajiandaa kuanza vidato saba, hajafikiria lolote, anapangusa jasho tu, ndipo namba zile zikajipanga mbele yake zenyewe: kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Hakuliita wazo hilo. Lilimjia kama mtu anayeingia chumbani bila kubisha hodi. Akajumlisha haraka haraka mpaka mwisho: mia mbili thelathini na tatu.

Kipanga alirudisha la tatu likiwa tupu. Na kwa kuwa la tatu ndilo lililobeba alama nyingi, Madaftari akashinda.

Mwalimu aliipitia karatasi mara mbili. "Aisee! Kumbe na wewe kipaji unacho. Ulikificha wapi muda wote huu?"

"Mwalimu, niliandika tu moja moja..."

"Achana na kuandika. Hili la kujumlisha mbili za nyuma, nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Sasa unaona!"

Alitakiwa kufurahi. Akatoka ofisini kama aliyebadilishiwa viatu msikitini. Zile kurasa nne za jasho zimekwenda wapi? Tena lililomsumbua zaidi ni kwamba hakuweza kumkanusha mwalimu, maana lile wazo kweli hakujua limetoka wapi.

Siku mbili Kipanga hakumsemesha. Siku ya tatu akasogea dawatini na kumwomba amwonyeshe ile ngazi ya vidato sita tangu mwanzo, na alikuwa na macho mekundu.

Mashindano yakaja, Madaftari akaenda, akashika nafasi ya tisa kati ya shule arobaini. Asubuhi iliyofuata, wakiwa wamepanga mistari uwanjani, mwalimu akasimama mbele ya shule nzima.

"Tumpigie makofi mwenzenu," akasema. "Hakushinda, lakini amejitahidi. Huyu mtoto ana bidii sana."

Makofi yakapigwa. Kipanga akamwinamia sikioni. "Juzi ulikuwa na kipaji. Leo umerudi kwenye bidii. Wewe ni nani hasa?"

"Sijui," Madaftari akasema, na alikuwa anasema kweli tupu. "Wewe je?"

Mistari ikaanza kutembea kuelekea madarasani, nao wakasukumwa na waliokuwa nyuma yao, maana wote wawili walikuwa wamesahau kupiga hatua.