Kikaango cha Hasira

Wanaosema wivu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi hawajaniona mimi. Kazi ninazo tangu alfajiri: nachagua buni, napepeta, nakaanga, natwanga, na katikati ya hayo yote namwonea wivu wifi yangu. Kazi hizo hazigongani hata kidogo.

Mkahawa ni wa baba. Una mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya watu, na jiko la mkaa ambalo baba alilijenga mbele kabisa, si uani, ili mpita njia avutwe na harufu kabla hajavutwa na kiu. Hapo jikoni ndipo ninaposimama mimi, mtoto wake wa kwanza. Kila mwaka mvua zikianza na buni za mavuno mapya zikifika, tunatenga alasiri moja ya kahawa mpya. Mimi nakaanga mbele ya watu, baba anasimulia jinsi kahawa ilivyoanza: mchungaji aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula tunda jekundu, misafara ya ngamia, wakubwa waliokataza mbegu zisitoke nchini mwao, na msafiri ambaye husemwa alizificha kwenye mshipi akavuka nazo. Wateja wameisikia mara nyingi na bado wanakuja. Mvua ikinyesha nje na buni zikipasuka ndani, nani atakataa kuambiwa tena anachokijua?

Mwaka huu baba pumzi zimempungukia. Akisema sentensi mbili, ya tatu anaitafuta kifuani. Nikajua zamu yangu imefika. Hadithi ile naijua mpaka mahali anapokohoa. Nilikuwa nimeshaanza hata mazoezi, nawasimulia magunia stoo.

Tukiwa mezani, baba akasema, "Mwaka huu atasimulia mke wa mdogo wako."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. "Kwa nini yeye?"

"Ana ulimi mtamu."

"Na mimi je, Baba? Nina nini, mkia?"

Mdogo wangu akachekea kwenye sahani. Nikamkazia jicho, akameza kicheko pamoja na chakula.

"Wewe una mkono," baba akasema, kana kwamba amenizawadia kitu.

Wifi yangu ameingia nyumbani kwetu juzi juzi tu. Alikuja akiwa hajui kutofautisha buni na njugu, na sasa wateja waliokuwa wakikaa karibu na jiko langu wamehamia upande wake, kwa sababu anawachekesha. Bi Sukari, mteja wetu wa siku nyingi anayeweka sukari mpaka kijiko kinasimama, zamani alikuwa akiniita mwanangu. Siku hizi anaingia akiuliza, "Yuko wapi yule binti?" Yule binti! Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hana ubaya wowote. Angekuwa mbaya ningepumzika.

Alinifuata jikoni akiwa na maswali yake. "Wifi, hapo kwenye ngamia Baba husemaje?"

"Husema ngamia."

"Ngamia tu?"

"Ngamia tu. Unataka wawe na majina?"

Akacheka, akanishukuru. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Kisha akaagiza bango la kuweka mlangoni. Nilikuwepo akimwambia fundi rangi: "Andika 'Hadithi ya Mbuni', na chini yake chora mbuni mkubwa." Fundi akaitikia, akaenda zake. Aliporudi na bango limekauka, palikuwa na mbuni mkubwa kweli kweli: shingo ndefu, miguu miwili, kope kama za bibi harusi, na nyuma manyoya. Mti wa kahawa, ambao nao huitwa mbuni, haukuwepo hata jani.

"Fundi, ni nini hiki?" wifi akauliza.

"Mbuni, si ulisema? Mwenye mbio."

Nilijifanya napuliza mkaa. Moyoni nilikuwa nashangilia. Mpanda ovyo hula ovyo, nikajisemea. Mtu hajui kumweleza fundi tofauti ya mti na ndege, ndiye anayepewa hadithi ya baba yangu? Muda wa kuchora upya haukuwepo. Bango likasimama mlangoni na macho yake makubwa, nami nikasubiri aaibike.

Alasiri ya kahawa mpya ilipofika, wakaja watu ambao hatujawahi kuwaona. Watoto wakawavuta mama zao mkono wakamwone ndege. Mabenchi yakajaa, wengine wakasimama mlangoni wakichuruzika mvua. Nikaweka kikaango motoni, nikamwaga buni, nikaanza kugeuza. Wifi akasimama katikati.

"Najua mmekuja kumwona mbuni mwenye shingo," akasema. "Huyo yuko mlangoni, msalimieni mkitoka. Lakini upo mbuni mwingine. Hauna miguu, na umetembea dunia kuliko yule."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Bi Sukari alipiga meza mpaka sukari ikamwagika. Nikazigeuza buni kwa nguvu zaidi.

Akaendelea. Mbuzi aliwapa sauti, kila mmoja na yake. Mchungaji alimpa mke, anayemgombeza kwa kurudi na mbuzi waliolewa. Baba hakuwahi kumtaja mke! Nikageuka kumtazama, nikitegemea kumwona amekunja uso. Baba alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Tabasamu lile sikuwahi kuliona likielekezwa upande wa jiko, na mimi nimesimama hapo tangu kikaango kinanizidi uzito. Nikalitazama, nikalitazama, na mkono ukasimama.

Buni hazitaki mkono usimame. Unageuza bila kupumzika, unasikiliza mpasuko wa kwanza, ukiusikia unatoa. Mimi sikusikia kitu. Moshi ndio ulionizindua. Mimi, ambaye sijawahi kuunguza kikaango hata kimoja, nimeunguza mavuno mapya mbele ya nyumba nzima. Watu wakaanza kukohoa, shingo zikageuka.

"Mkaangaji!" Bi Sukari akaita. "Leo unatunywesha mkaa?"

Baba alifumbua macho. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Hapo hasira ikanipanda kichwani, sijui hasira ya nani. Nikanyanyua kikaango, nikazimwaga buni zote motoni. Cheche zikaruka. Wa mbele wakaruka nyuma.

"Na hivi ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu!" wifi akapaza sauti, akininyooshea mkono. "Mchungaji alizipeleka buni kwa mtu mmoja mkali, asiyependa mambo mapya. Mtu yule akazitupa motoni, kama mlivyoona. Akadhani amemaliza. Kumbe ndipo harufu ilipopanda. Vuteni pumzi!"

Wakavuta pumzi. Harufu ilikuwa imepanda kweli, nzito, inajaza chumba. Wakanipigia makofi. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Zitupe tena!" Mpaka leo sijui kama habari ile aliisoma mahali au aliibuni palepale.

Watu walipopungua akanijia, ameshika vikombe vitupu. "Wifi, nisamehe. Nilitafuta la kusema haraka."

"Huyo mtu mkali asiyependa mambo mapya," nikamwuliza, "ni nani?"

"Yumo kwenye hadithi tu," akasema, akakimbilia kuosha vikombe. Badala ya kumshukuru nikaanza kukwangua kikaango. Angeniacha niaibike, ningemchukia kwa raha zangu.

Baba akaniita. Nikaenda nimejiandaa kugombezwa. Akanishika kiganja, chenye masizi bado.

"Mwanangu," akasema, akatafuta pumzi. "Miaka yote unakaanga, hakuna aliyewahi kukupigia makofi."

"Ndiyo, Baba."

"Mwakani uunguze tena. Palepale, kikaango cha kwanza."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile, safari hii likiniangalia mimi. Nikaona na mimi nitoe ombi langu, niliombe sasa hivi au nisiliombe tena.

"Basi mwakani nisimulie mwenyewe, Baba. Nikaange na nisimulie."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Si atasimulia mwenzako?" akasema. "Bila yeye, zile ni buni zilizoungua tu."